Mizani ya Zahanati

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, pwani ya Mtwara. Msemaji ni Afisa Elimu.

Natumaini wote mmekwisha kukaa, na redio imewekwa mahali ambapo hata walio nyuma wasikia. Mwalimu, tafadhali andika maneno manne ubaoni wakati mimi naendelea kusema: KIPIMO, DAFTARI, KATIKA MIA, KAMATI. Walioanza juzi waandike mawili ya mwanzo tu. Wa zamani waandike yote manne.

Somo letu la leo ni juu ya zahanati. Lakini nataka tuanze na korosho, maana hapana mtu katika pwani hii, toka Mikindani hadi Kilambo, ambaye hajui habari za korosho.

Mkulima apelekapo korosho zake chamani hufanya nini? Husimama karibu na mizani. Hatazami uso wa karani kuona kama ni mtu mwema au mbaya. Hutazama namba ya mizani. Karani akiandika kilo 78, mkulima ajuaye kusoma huangalia kama risiti nayo yasema 78. Ndipo aondokapo. Sasa yuko mnunuzi mwingine, yule ajaye kwa siri usiku, anunuaye kwa kangomba. Yeye hana mizani, ana kopo lake. Kopo ni lake, kipimo ni chake, na hasara ni yako. Ndiyo maana serikali imekataza kangomba.

Basi nawauliza: Je, zahanati yetu ina mizani? Mtu akienda kutibiwa, tutajuaje kwamba ametibiwa vizuri? Au huko nako twapimiwa kwa kangomba?

[Hapa mwalimu azime redio kama ana kinasa sauti, darasa lijadili kwa dakika tano. Wenye redio tu wakumbuke swali, walijadili mwisho.]

Nitawaeleza jambo moja lililotokea nyumbani kwetu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Mama yangu mdogo alikwenda kujifungua katika zahanati moja. Sitaitaja, wala haina haja. Alfajiri alipata mtoto wa kike, naye mtoto akalia vizuri, watu wote wakafurahi. Nesi alikuwa peke yake usiku ule, na wazazi wengine wawili walikuwa wanamngojea. Bibi yangu akamwambia, "Mwanangu, damu hii naiona nyingi." Nesi akatazama kanga, akajibu kwa adabu, "Bibi, damu ya uzazi ndivyo ilivyo, usihofu." Bibi akabadilisha kanga, akaweka ya pili. Kisha ya tatu. Ilipofika kanga ya nne nesi mwenyewe alishtuka, gari ikatafutwa, na kupatikana kwake kulichukua muda mrefu. Mama mdogo alifariki njiani.

Baadaye baba mdogo alikwenda kuuliza, akafunguliwa daftari. Mstari wa mkewe ulisema kwamba amejifungua, mtoto yu hai. Basi. Kifo hakikuandikwa pale kwa sababu hakufia pale, wala hakikuandikwa hospitalini kwa sababu hakufika. Kwa hesabu ya daftari lile, usiku ule ulikuwa usiku mwema.

Sisemi kwamba yule nesi alikuwa mtu mbaya. Alilia msibani kama sisi. Kosa ni kwamba alipima damu kwa jicho. Na jicho, ndugu zangu, ni kangomba.

Kwa nini nasema hivyo? Damu inayomwagika katika kanga, katika godoro na sakafuni haionekani wingi wake. Hata mkunga wa miaka mingi huidhania kuwa ni kidogo. Wataalamu wanasema mzazi akipoteza nusu lita baada ya kujifungua, yaani ujazo wa ile chupa ya maji ya nusu lita tunayoinunua stendi, yafaa ahesabiwe kuwa yumo hatarini, atibiwe mara moja. Lakini nani awezaye kutazama kanga nne zilizoloa na kusema hii ni nusu lita, au lita moja, au mbili?

Sasa sikilizeni. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu hii. Akina mama zaidi ya 210,000 walihusika. Katika nusu ya hospitali hizo wakunga waliendelea kama zamani. Katika nusu nyingine walipewa mfuko wa nailoni unaotandikwa chini ya mzazi. Damu yote huteremka katika mfuko, na mfuko una mistari ya kipimo kama ile iliyo juu ya chupa ya kunyonyeshea mtoto. Damu ikifika mstari wa nusu lita mkunga hangoji kuulizana na mtu. Mara moja hukanda mji wa mimba, hutoa sindano na dawa za kuzuia damu, huweka dripu, hutazama kama kuna mahali palipochanika. Yote kwa pamoja, si moja leo na jingine baada ya saa nzima.

Matokeo yake nini? Mwalimu, andika ubaoni. Katika hospitali zilizoendelea kama zamani, kati ya akina mama 100 waliotokwa damu nyingi kweli, wakunga waliwatambua 51 tu. Nusu, na mmoja. Wengine 49 walikuwa kama mama yangu mdogo: damu yatoka, na mtu amesimama karibu asijue. Katika hospitali zenye mfuko walitambuliwa 93. Tena wale waliofikia hali mbaya kabisa, ya kutokwa damu lita moja au zaidi, au kupasuliwa kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa zaidi ya 4 katika kila wazazi 100 huku kwa zamani, na huku kwa mfuko hawakufika hata 2.

Mfuko wa nailoni wenye mistari! Mashine ya mamilioni haikuhitajika. Nahodha anayeingia mlango wa mto Ruvuma haamini jicho lake, kwa sababu mchanga wa pale huhama. Hutia bildi majini, akajua pima ngapi. Mkunga naye amepata bildi yake.

Haya. Mwalimu atazame ubaoni neno la kwanza, KIPIMO. Mfuko ule ni kipimo cha mzazi mmoja. Lakini zahanati nzima nayo hupimwa, na hapa yafaa tutofautishe mambo, maana watu wengi huyachanganya. Mtu akikuuliza, "Zahanati yenu ni nzuri?" wewe hujibu, "Nzuri sana, imepakwa rangi mpya, ina vigae." Vizuri. Hiyo ni habari ya kilichopo: nyumba, maji, friji, dawa, waganga. Lakini friji yaweza kuwapo na umeme usiwepo. Dawa yaweza kuwapo na asipewe mgonjwa. Kwa hiyo hapana budi kuuliza pia habari ya kinachofanyika: Je, mzazi alipewa sindano? Alipewa kwa wakati? Mganga alinawa mikono? Kisha iko habari ya mwisho, ndiyo kubwa: watu walipona au hawakupona? Zahanati yaweza kuwa na vigae vizuri na kuua watu. Naomba radhi kwa kusema hivyo, lakini ndivyo.

Serikali ilifanya upimaji wa nchi nzima mwaka wa 2015 na 2016. Wapimaji walipita katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya karibu 7,000, za serikali na za watu binafsi, wakiwa na karatasi ndefu ya maswali, na kila kituo kilipewa nyota, toka sufuri mpaka tano. Kituo kilichopata chini ya alama 20 katika mia hakikupata nyota hata moja. Toka 60 mpaka 79 ni nyota tatu, na nyota tatu ndizo zilizowekwa kuwa kiwango cha kutosha. Matokeo yalikuwa machungu. Kama kituo kimoja katika kila vitatu hakikupata nyota. Waliofika nyota tatu au zaidi walikuwa 2 tu katika kila 100.

Serikali ingeweza kuyaficha matokeo hayo kabatini. Haikuyaficha, kila kituo kiliambiwa alama zake na kuandikiwa mambo ya kurekebisha. Mwaka 2017 na 2018 wapimaji walirudi. Safari hii waliofika nyota tatu walikuwa kama 20 katika 100, na wale wa sufuri walikuwa wamepungua sana. Ishirini katika mia si ya kujivunia, maana lengo lilikuwa 80. Lakini toka 2 hadi 20 si haba, na hapana ambaye angejua kama zimepanda au zimeshuka kama kusingekuwa na hesabu ya kwanza.

Pengine mzee mmoja katika darasa anasema, "Hayo ni mambo ya Dodoma na Dar es Salaam, sisi huku Msimbati yatuhusu nini?" Basi nitamchukua mzee huyo katika basi, tupande toka Mtwara, tupite Nanyamba, tufike Tandahimba, mkoa wetu huu huu.

Toka mwaka 2011 mpaka 2014 Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wenzao wa Uganda na Ulaya walifanya kazi Tandahimba. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, si rahisi kuifanya. Katika kila zahanati wahudumu walikaa pamoja wakachagua tatizo moja lao wenyewe, lile wanaloliona kila siku. Wakakubaliana jambo dogo la kujaribu. Kila mwezi wakahesabu, wakaweka nukta moja katika karatasi iliyochorwa mistari. Mwezi wa pili nukta ya pili, wakaziunganisha. Mstari ukipanda, jambo lile ladumishwa. Mstari ukilala au ukishuka, wanaliacha na kujaribu jingine. Kisha baada ya muda wahudumu wa zahanati mbalimbali walikutana, kila mtu na karatasi yake, wakaonyeshana. Mmoja asema, "Sisi tumeshindwa hapa." Mwingine ajibu, "Hata sisi, lakini tulifanya hivi."

Na jambo linalonifurahisha mimi, mtu wa elimu, ni kwamba kazi hii haikuwa ya wahudumu tu. Katika vijiji vya Tandahimba walichaguliwa watu wa kujitolea, wanakijiji kama ninyi, nao wakahesabu: mwezi huu akina mama wangapi wamejifungulia nyumbani, wangapi zahanati? Kwa nini fulani hakwenda? Je, hakuwa na nauli? Au alikwenda akatukanwa, akarudi? Wakayapeleka hayo katika mikutano ya kijiji. Mtu asiyejua kuandika namba angefanyaje kazi hiyo?

Moja ya mambo waliyopima ni sindano ya oksitosini. Huyu ni rafiki wa mzazi. Mtoto akitoka tu, ndani ya dakika moja, mama apigwe sindano hiyo ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Dakika moja, si baada ya kumwosha mtoto na kuwapigia ndugu simu. Watafiti walilinganisha Tandahimba na Newala, wilaya jirani ambayo haikuwa na mpango ule. Ilionekana kwamba akina mama waliopata sindano ndani ya dakika moja waliongezeka Tandahimba kuliko Newala kwa watu kama 26 katika kila 100. Ongezeko hilo ni kama mzazi mmoja katika kila wanne. Vilevile akina mama waliojifungulia nyumbani walikuwa wamezidi kujiandaa na vifaa safi. Katika mambo mengine waliyoyapima tofauti ya maana haikuonekana, nao waliandika hivyo hivyo bila kuona haya. Ndipo nilipowaamini. Muuza dawa asemaye dawa yake yatibu kila kitu, mimi humpita.

Sasa tufanye hesabu, maana hatukuja kusikiliza hadithi tu. Hii ni zahanati ya mfano, haipo. Mwalimu aandike. Januari walijifungua akina mama 20, waliopata sindano kwa wakati ni 8. Februari walijifungua 25, waliopata 15. Machi walijifungua 16, waliopata 12. Aprili walijifungua 20, waliopata 10.

Mwezi gani ulikuwa mwema kuliko yote? Najua yuko mtu amesema Februari, kwa sababu 15 ni kubwa kuliko 12. Ngoja. Hapa ndipo latufaa neno letu la tatu, KATIKA MIA. Januari ni 8 katika 20. Ukiongeza mara tano wapata 40 katika 100. Februari ni 15 katika 25. Mara nne, wapata 60 katika 100. Machi ni 12 katika 16. Hapa robo tatu, yaani 75 katika 100. Kwa hiyo Machi ndio mwema, ingawa walio katika daftari ni wachache kuliko wa Februari. Na Aprili? Imeanguka mpaka 50.

Chora mstari: 40, 60, 75, 50. Mjumbe wa kamati akiona mstari umeanguka Aprili asipige kelele, "Nesi amekuwa mvivu!" Aulize kwanza. Labda dawa iliisha. Labda nesi aliyezoea alihamishwa akaja mgeni. Labda umeme ulikatika, friji ikapata joto, mganga akaogopa kutumia dawa iliyoharibika, naye alifanya vizuri kuogopa. Oksitosini hutunzwa mahali pa baridi, toka nyuzi 2 mpaka 8. Nanyi mnajua joto la pwani yetu mwezi wa Januari. Hata samaki hakai mpaka adhuhuri. Ndiyo maana kipimajoto kinachoning'inia katika friji ya zahanati, na karatasi iliyobandikwa mlangoni pake ya kuandikia nyuzi za asubuhi na jioni, si pambo. Daftari laweza kusema sindano imepigwa, na ni kweli imepigwa, lakini kama dawa ilikaa juani siku tatu mama hakupata faida yake.

Nimesema "asipige kelele," na hapa nataka kukaa kidogo. Hesabu ni kitu kichungu kwa yule anayehesabiwa. Zamani, mwaka 1847, mjini Vienna katika nchi ya Austria, alikuwako daktari jina lake Ignaz Semmelweis. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Ajabu ni kwamba wazazi walikufa zaidi kwa madaktari kuliko kwa wakunga, hata akina mama walikuwa wakilia na kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Semmelweis akahesabu. Mwezi wa Aprili mwaka ule walikufa akina mama 18 katika kila 100 katika wodi ya madaktari. Akafikiri sana, akagundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka chumba cha kupasulia maiti, wakaja moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa 2 katika 100.

Je, wakubwa walimshukuru? Wengi walikasirika. Maana namba zile zilikuwa zinawaambia, "Ni mikono yenu." Nani apendaye kuambiwa hivyo? Alikufa mwaka 1865 na wengi walikuwa bado hawajamkubali.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba mtu akiogopa kuadhibiwa na namba, ataibadilisha namba. Nimeliona kwa macho yangu. Siku moja katika safari zangu nilionyeshwa daftari la kliniki ya wajawazito mahali fulani. Ukurasa mzima, akina mama zaidi ya 20, na kila mmoja presha yake ni 110 kwa 70. Nikamwuliza mwenyewe taratibu, je, mashine ya presha iko wapi? Akacheka kwa aibu, akasema iliharibika kitambo, lakini mkaguzi akija akikuta nafasi tupu hugomba. Basi akajaza. Mkaguzi aliondoka ameridhika. Na kati ya wale ishirini pengine alikuwako mmoja mwenye presha ya juu, ambayo ndiyo huleta kifafa cha mimba, akapelekwa nyumbani na namba nzuri.

Kosa ni la nani? La nesi, ndiyo, kwa kuwa aliandika uongo. Lakini hata yule mkaguzi ana lake. Nafasi tupu ingemwambia kweli: hapa hakuna mashine, leteni. Mimi naona heri daftari lenye mapengo ya kweli kuliko daftari lililojaa uongo, na nimekwisha kugombana na watu kwa sababu ya neno hilo.

Tumefika neno la nne. Kila zahanati ya serikali yapaswa kuwa na KAMATI yake, na ndani yake wamo wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/2018 fedha za zahanati hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe, na kamati ndiyo husimamia mpango na matumizi. Zamani mjumbe asiyejua kusoma alikaa mkutanoni akaitikia "Ndiyo" na kuweka dole gumba. Ninyi mtakaa mkiwa na kalamu.

Mjumbe aweza kuuliza nini? Asiombe kusoma majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Hiyo ni siri ya mtu na mganga wake, na katika kijiji cha watu wanaojuana maneno huruka upesi kuliko moto wa makuti. Aombe hesabu. Kuna madaftari ya serikali yanayoitwa MTUHA. Daftari namba 12 ndilo la wanaojifungua. Mganga mfawidhi kila mwezi hufanya jumla zake na kuzipeleka wilayani. Jumla zile zile aweza kuzisoma mbele ya kamati: waliojifungua wangapi, waliopata sindano wangapi, waliopelekwa hospitali ya Ligula au kwingine wangapi, nao walifika salama? Swali hili la mwisho msilisahau. Zahanati nyingi zikishampandisha mgonjwa gari huona kazi imekwisha. Kama mtu angeuliza hivyo katika kijiji chetu, mama mdogo angalau angehesabiwa.

Na wengine mtasema, "Sisi wakulima na wavuvi, nesi atatusikiliza?" Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa kama mlivyokaa ninyi, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walijifunza katika vikundi, wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Nao wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wamejua kusoma.

Kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi achore mstari wa zahanati yetu ya mfano katika daftari lake, miezi minne. Kisha aongeze mwezi wa Mei: walijifungua 30, waliopata sindano 24. Ni ngapi katika mia, na mstari umepanda au umeshuka? Wale wenye wajumbe wa kamati ya zahanati katika darasa lao wamwombe mjumbe aje siku moja aeleze walizungumza nini mkutano uliopita. Kama hakuna anayekumbuka mkutano ulikuwa lini, mwalimu aandike hivyo hivyo katika barua atakayotuletea, asijaze tarehe ya kubuni.

Ndugu zetu wa Msangamkuu walituandikia kwamba wiki iliyopita upepo ulivuma sana hawakusikia vizuri; somo lile tutalirudia Jumamosi. Wiki ijayo tutajifunza kusoma tarehe iliyopigwa chapa juu ya kisanduku cha dawa, kwa hiyo kila mmoja aje na kisanduku kitupu. Kwaherini.